Zotero kwa mwanafunzi mpya wa uuguzi: ichukue, ila akili baki nayo mwenyewe

Niseme mapema ili mwenye haraka asipoteze muda wake: Zotero, programu ya kukusanya na kupanga referensi, ni nzuri, ni ya bure, na kwa mtu anayeanza uuguzi ndo chaguo langu la kwanza. Ila nina sharti moja, usiiguse kabla hujaandika referensi kadhaa kwa mkono wako mwenyewe ukajua kila nukta na kila koma imekaa pale kwa kazi gani. Najua hilo linaudhi, mtu kaja kutafuta njia ya mkato halafu mimi namwambia azunguke, lakini vumilia kidogo, sababu zake utaziona humu humu.

Kwanza balaa lenyewe, kwa ambao bado halijawafika. Unaingia kusoma unesi ukiwa na picha ya kufunga vidonda, kupima presha, kutoa dawa, halafu asaimenti ya kwanza inakuja na kasentensi kamoja chini kabisa, tumia APA toleo la saba. Basi, imeisha hiyo. Hakuna anayekwambia APA ni nani wala lile la sita liliishia wapi. APA ni chama cha wanasaikolojia wa Marekani, kanuni zao za uandishi na referensi zilianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba tu, leo hili toleo la saba lililotoka 2019 ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400. Sasa manesi na wanasaikolojia wapi na wapi? Ndo vyuo vingi vya uuguzi vilivyochagua, vingine vinatumia mtindo wa Harvard, vingine ule wa Vancouver wa namba namba ambao chimbuko lake ni kikao cha wahariri wa majarida ya tiba mwaka 1978, na wewe mwanafunzi huna kura hapo, unafungua mwongozo wa kozi unaangalia wameandika nini unafuata hicho hicho.

Na alama zinakatwa kweli, msidanganyane. Umesoma vizuri, umeandika vizuri kuhusu kuzuia vidonda vya kulalia, kazi inarudi ina miduara myekundu ukurasa wa mwisho tu. Wengi wanasema ni roho mbaya ya mwalimu, mimi siko upande huo. Ni sawa na chati ya mgonjwa, ukiandika dawa imetolewa bila saa wala sahihi anayeingia zamu inayofuata hana pa kushika, na referensi ni vivyo hivyo, umesema kitu kuhusu mwili wa mtu sasa tuonyeshe umekitoa wapi ili na sisi twende tukaangalie.

Haya turudi kwenye programu. Zotero unaiweka kwenye kompyuta, iwe Windows, Mac au Linux, ilitoka mara ya kwanza 2006 ikitengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchungulia. Pamoja nayo unaweka kile kiunganishi cha kwenye brauza, kipo cha Chrome, Firefox, Edge na Safari, ambacho ndo roho ya kitu chote: ukiwa umefungua makala kwenye PubMed, ile kanzidata ya makala za tiba, au kwenye tovuti ya jarida, unabonyeza kile kialama juu kabisa na makala inaingia kwenye maktaba yako ikiwa na waandishi, mwaka, jina la jarida, juzuu, kurasa na DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, na kama PDF yake ni ya wazi mara nyingi inakuja nayo. Hakuna kuandika kitu. Mara ya kwanza ukiona hiyo utacheka peke yako.

Kuna na njia nyingine ambayo mimi naipenda hata kuliko hiyo, kile kialama cha fimbo ya mchawi. Unakopi DOI au PMID, yaani ile namba ya PubMed, au ISBN kama ni kitabu, unaipesti pale unabonyeza enta, kitu kimeingia. Kwa vitabu vya kiada vile vizito vya famakolojia na anatomia hii ndo mkombozi, geuza kitabu nyuma, andika ISBN, kimekuja na waandishi wote na toleo. Kuhusu toleo kuwa makini hapo, ISBN ya toleo la nane siyo ya toleo la tisa, hakikisha unasoma namba ya kitabu ulichokishika na siyo ya kile ulichokiona mtandaoni.

Sasa kwa nini nang'ang'ania uanze kwa mkono. Tuchukue makala ambayo manesi wengi lazima watakutana nayo siku moja, ile ya Linda Aiken na wenzake ya mwaka 2002 kwenye JAMA, jarida la tiba la Marekani, iliyoonyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya nesi mmoja kunaendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe. Kwa APA ya saba inakaa hivi:

Aiken, L. H., Clarke, S. P., Sloane, D. M., Sochalski, J., & Silber, J. H. (2002). Hospital nurse staffing and patient mortality, nurse burnout, and job dissatisfaction. *JAMA*, *288*(16), 1987–1993. https://doi.org/10.1001/jama.288.16.1987

Iangalie pole pole. Ni maswali manne tu yamepangwa foleni, nani, lini, nini, wapi. Nani: jina la ukoo mbele, herufi za mwanzo nyuma, na kabla ya wa mwisho kuna ile alama ya & siyo neno. Lini: mwaka kwenye mabano na nukta. Nini: jina la makala, na hapa ndo wengi wanaanguka, herufi kubwa ni ile ya kwanza tu pamoja na majina ya watu, ya nchi na vifupisho kama COVID-19, hayo mengine yote madogo, na kama kuna nukta pacha basi neno linalofuata nalo linaanza na kubwa. Wapi: jina la jarida kwa mlalo na juzuu 288 nayo kwa mlalo, ila toleo la 16 lililo kwenye mabano halilali, na kati ya 288 na mabano hakuna nafasi. Kisha kurasa, kisha DOI ikiwa linki nzima, na mwishoni kabisa mwa linki hakuna nukta. Nimeona watu wanagombana kwa ajili ya hiyo nukta, hakuna nukta jamani.

Ukishaiandika hiyo kwa mkono, ukaandika na ya kitabu, na ya ripoti, na ya ukurasa wa tovuti, jicho linaanza kuona lenyewe. Na jicho hilo ndo utakalolihitaji Zotero ikianza kukuletea vitu, maana Zotero haijui kama kitu ni sahihi, inajua tu kilichoandikwa kwenye tovuti ilikokitoa.

Mfano ni makala hiyo hiyo ya Aiken. Ukiichukua kutoka PubMed jina lake linakuja na herufi ndogo kama APA inavyotaka. Ukiichukua kutoka tovuti ya jarida lenyewe ambako kila neno limeanza na herufi kubwa, itakuja hivyo hivyo na kila neno kubwa, na ukiingiza kwenye Word kwa staili ya APA itabaki hivyo hivyo, kwa sababu programu inaweza kukuza herufi lakini kuzishusha haithubutu, itajuaje hili ni jina la mtu au ni neno la kawaida? Kwa hiyo orodha yako inakuwa nusu ya makala zina herufi kubwa nusu hazina, na mwalimu akiona hivyo anajua umepesti. Dawa yake ni kwenda kwenye jina la makala ndani ya Zotero, unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, unachagua kubadili herufi kuwa "Sentence case", halafu unapitisha jicho kuhakikisha HIV haijageuka hiv na majina ya nchi hayajadogoshwa. Fanya hivyo siku unayoingiza makala, siyo usiku wa dedilaini ukiwa nazo rundo.

Mimi siku hizi chochote cha afya nakitafuta PubMed kwanza hata kama nimekiona kwingine, maana taarifa zake ni safi zaidi, na kazi ya kusafisha inapungua sana.

La pili ambalo litakutafuna ni mashirika. Uuguzi umejaa mashirika, WHO kila ukurasa, wizara, mabaraza ya wauguzi, vyama. Kuna tovuti moja ya kutengeneza referensi bure, siitaji, imejaa matangazo mpaka linki yenyewe huioni, niliwahi kuipa ripoti ya WHO ya 2020 kuhusu hali ya uuguzi duniani, ile iliyosema dunia ina manesi milioni 27.9 na pengo la milioni 5.9, ikanirudishia mwandishi anaitwa "Organization, W. H.". Yaani bwana Organization, majina yake ya mbele World na Health. Ukicheka ujue kuna watu wanaikabidhi hivyo hivyo.

Kwenye Zotero hilo linazuilika ukijua pa kubonyeza. Pembeni ya sehemu ya jina la mwandishi kuna kitufe kidogo cha kubadili kutoka sehemu mbili kwenda sehemu moja, ukikibonyeza jina zima linakuwa kitu kimoja, World Health Organization, haligeuzwi wala halikatwi. Halafu angalia sehemu ya mchapishaji, kwa APA kama mwandishi na mchapishaji ni yule yule basi mchapishaji hatajwi tena, kwa hiyo acha tupu. Na mahali pa uchapishaji, ule mji, toleo la saba limeufuta kabisa, ukiona mtu anaandika Geneva mbele ya WHO ujue bado yuko kwenye toleo la sita. Ndani ya maandishi mara ya kwanza unaandika jina refu na kifupi chake, baada ya hapo WHO peke yake inatosha, na hili la kifupi Zotero haikufanyii, utaliandika mwenyewe.

Sasa Word, na hapa ndo nitaisifia bila kubania. Ukishaiweka Zotero, Word inapata kichupo kipya juu. Uko katikati ya sentensi, unabonyeza "Add/Edit Citation", kinatokea kisanduku, unaandika aiken, inakuletea makala, unachagua, enta, na kwenye mabano pamekaa Aiken et al., 2002 yenyewe. Kwa nini et al., yaani "na wenzake", na siyo wote watano? Kwa sababu toleo la saba linasema waandishi wakiwa watatu au zaidi unataja wa kwanza tu na et al. tangu mara ya kwanza kabisa, lile la sita lilikuwa linataka uwataje wote watano mara ya kwanza, na huko mtandaoni vijitabu vya toleo la sita bado vimejaa kwa hiyo usishangae mwenzako akibisha. Kwenye orodha ya mwisho lakini unaandika wote mpaka waandishi 20, wakiwa 21 na kuendelea unaweka 19 wa kwanza, vinukta vitatu, na wa mwisho. Majarida ya tiba yana makala za waandishi lukuki, jaribu kufanya hiyo kwa mkono saa saba usiku.

Ukitaka jina liwe ndani ya sentensi, yaani Aiken et al. halafu mwaka peke yake kwenye mabano, unaandika jina mwenyewe kisha kwenye kile kisanduku unabonyeza jina la makala na kuweka tiki kwenye "Omit Author". Hapo hapo ndo pa kuweka namba ya ukurasa kama umenukuu neno kwa neno. Na jina likiwa kwenye sentensi wakiwa waandishi wawili unaunganisha kwa neno la kawaida, alama ya & inakaa kwenye mabano na kwenye orodha tu, hilo nalo linakata alama kimya kimya.

Ukimaliza kuandika unaweka kishale mwishoni, unabonyeza "Add/Edit Bibliography", orodha nzima inashuka kwa alfabeti na mstari wa pili wa kila moja umeingia ndani inavyotakiwa. Ukifuta aya yenye nukuu, na referensi yake kwenye orodha inajifuta. Ukiambiwa ghafla somo hili ni Vancouver siyo APA, unabadili staili kwenye mipangilio ya waraka na kila kitu kinageuka namba, zipo staili zaidi ya 10,000 za kushusha. Wa Harvard tu niwape angalizo, hakuna Harvard moja, kila chuo kina yake na tofauti zake ndogo ndogo, uliza ni ipi kabla hujachagua yoyote yenye jina hilo.

Kosa ambalo wengi wanalifanya na programu inalaumiwa bure ni kurekebisha nukuu kwa kuandika juu yake ndani ya Word. Ile siyo maandishi ya kawaida, ukiigusa inageuka kijivu kuonyesha imeunganishwa, na ukiifuta nusu ukaandika yako unavuruga. Kosa liko kwenye maktaba, nenda karekebishe Zotero kisha rudi Word ubonyeze kitufe cha kusasisha.

Halafu kuna mauzauza mawili ambayo yatakukuta tu. La kwanza, ghafla unaona 2002a na 2002b na wewe una makala moja tu ya Aiken ya mwaka huo. Hapo makala imeingia mara mbili, mara moja kutoka PubMed mara nyingine kutoka jarida, na programu inadhani ni mbili tofauti. Kuna sehemu ya nakala zilizojirudia kwenye maktaba, ziunganishe, halafu rudi Word usasishe, na kama a na b bado zipo tengeneza nukuu upya pale ilipotumika ile nyingine. La pili, kwenye mabano jina linatoka na herufi zake, L. H. Aiken, wakati mengine yako kavu. Maana yake mahali fulani kaandikwa L. H. na mahali pengine Linda au L. peke yake, kwa hiyo inawatenganisha kana kwamba ni watu wawili wa ukoo mmoja. Andika jina sawasawa kwenye makala zote na herufi zinapotea. Nilikuta kundi zima limekaa kwenye laptopu moja wanaulizana hii a na b imetoka wapi, mmoja ana wazo la kuiondoa programu na kuiweka upya, na tatizo lilikuwa kubonyeza mara mbili tu.

Kitu ambacho kwa mtu wa afya peke yake kingenifanya niitumie ni onyo la makala zilizofutwa. Tangu 2019 Zotero inaangalia maktaba yako kwa kutumia kanzidata ya Retraction Watch, wale wanaofuatilia makala zilizofutwa, na kama makala imeondolewa na jarida lake inakuwekea utepe mwekundu juu. Jaribu na ile ya Wakefield ya 1998 kwenye jarida la Lancet iliyounganisha chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) na usonji, Lancet waliifuta 2010, na mpaka leo kuna watu wanaitaja kana kwamba iko hai. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana namna ya kujua kila kilichofutwa, na sisi tunachosoma tunakwenda kukifanya kwa mgonjwa, kwa hiyo utepe ule kwangu una uzito kuliko hata koma na mabano.

Na kuna matumizi mengine ambayo hayakukusudiwa lakini yanafanya kazi. Siku hizi watu wanaomba programu za akili bandia ziwaandalie referensi, na zinatoa vitu vizuri kwa macho, mwandishi yupo, jarida lipo, DOI ipo, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu. Chukua hiyo DOI ipesti kwenye fimbo ya mchawi. Ikikataa, au ikileta makala ya mambo mengine kabisa, umepata jibu. Kwenye kazi za kundi mimi nafanya hivyo kwa kila referensi niliyoletewa na mwenzangu bila kuuliza kaitoa wapi, na kuna ambao hawajanisamehe.

Mapungufu sasa, maana hakuna cha bure kisicho na lake.

Nafasi ya kuhifadhi mafaili mtandaoni kwa bure ni MB 300 tu, na PDF za kitabibu zina picha nzito nzito, itajaa. Ikijaa taarifa za makala zinaendelea kusinki bila shida, ni PDF ndo zinagoma, unaweza kuzima kusinki mafaili ukayaacha kwenye kompyuta yako au ukalipia nafasi. Kwenye simu ipo aplikesheni ya iPhone na iPad na ya Android, unasoma na kuchora mistari vizuri tu, ila kuingiza nukuu kwenye Word ya simu hakupo, lazima ukae kwenye kompyuta. Asiye na kompyuta yake mwenyewe aangalie ZoteroBib, ni ya wale wale, inafunguka kwenye brauza yoyote bila akaunti wala kuweka kitu, unapesti linki au DOI inakupa referensi unakopi. Kwa kazi fupi inatosha kabisa na sijui kwa nini haitajwi sana.

Halafu kuna vyanzo ambavyo havina kitufe. Slaidi za mwalimu utajaza mwenyewe, na kwanza uliza kama zinaruhusiwa, wengi wanataka makala za miaka mitano ya karibuni siyo maneno yao wenyewe yanarudi. Mazungumzo na nesi mkuu wa wodi hayaingii kwenye orodha kabisa kwa APA, yanatajwa ndani ya maandishi tu na tarehe kamili. Na mgonjwa hatajwi popote kwa namna itakayomtambulisha, hata kama kisa chake ndo msingi wa kazi yako, hiyo siyo suala la APA tena hiyo ni maadili. Vile vile Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, uliyemsoma ndani ya kitabu cha mtu mwingine, kwenye orodha anaingia mwenye kitabu ulichokisoma, na Nightingale unamtanguliza ndani ya mabano kwa kutumia ile sehemu ya maneno ya mbele kwenye kisanduku cha nukuu. Au mtafute Nightingale mwenyewe umsome, ni wa miaka ya 1859 na 1860 huko, anapatikana bure.

Kuhusu mbadala sitakaa sana. Mendeley ipo, iko chini ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier tangu 2013, nayo ni ya bure na inafanya kazi hizo hizo, kama chuo chenu kizima kinaitumia kaa nayo tu, faida ya kuwa na wa kumuuliza ni kubwa kuliko tofauti zao. EndNote ni ya kulipia, usinunue kabla hujauliza maktaba kama mnapewa. Ile sehemu ya referensi iliyomo ndani ya Word yenyewe angalia kwanza inakupa toleo gani, kwenye kompyuta nyingi inaandika la sita. Kitufe cha kunukuu cha Google Scholar ni chepesi ila hakiweki DOI, na cha PubMed kiko vizuri zaidi kwa mambo yetu. Maswali ya kanuni zenyewe nenda tovuti ya APA Style au Purdue OWL ya Chuo Kikuu cha Purdue, zote bure na zina mifano kwa kila aina ya chanzo, zina uhakika kuliko kumuuliza mwenzako ambaye naye kauliza mwenzake.

Kwa ujumla naipa nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimeikata kwa ajili ya simu na zile MB 300.

La mwisho kwa wanaokabidhi kesho. Ukimaliza kila kitu, sevu nakala nyingine ya waraka kwa jina tofauti, na kwenye hiyo nakala bonyeza "Unlink Citations" ili nukuu zigeuke maandishi ya kawaida, kisha pitia orodha mstari kwa mstari ukitafuta herufi kubwa zilizopotea njia na majina ya mashirika yaliyogeuzwa. Hiyo ndo unayotuma. Ile ya kwanza yenye viunganishi usiifute, maana mwalimu akirudisha kazi na kusema ongeza vyanzo viwili vipya, huko ndo utakakovipachika, kwenye nakala iliyokatwa viunganishi haiwezekani tena.